Nilinakili Namba ya Pampu ya Dada Yangu, Kisha Nikanyamaza

Nina miaka sitini na nne. Nina mke mmoja, watoto watano na karakana yangu mwenyewe pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Shule niliiacha darasa la tatu. Sikurithi hata jembe, na hakuna mtu aliyenishika mkono kunipeleka popote. Siyasemi haya kwa kujisifu... au basi, ni kwa kujisifu, maana nikificha majivuno yangu hamtaelewa yaliyonikuta.

Haya nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu. Mhariri anyooshe herufi, maneno asiyaguse.

Sihitaji huruma yenu. Ninachotaka ni mnisadiki tu. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, kijijini kwetu upande wa Kilosa. Aliyenilea ni dada yangu Mwanahawa, aliyenizidi miaka tisa. Yeye alinibeba mgongoni kuvuka mto Mkondoa maji yakijaa. Yeye alilala njaa nikala mimi. Alipoolewa alimwambia mumewe mbele ya wazee kwamba huyu mdogo wangu ninaondoka naye, na asiyetaka aseme sasa hivi. Nikaondoka naye kama begi.

Chuma changu cha kwanza cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya alininunulia yeye, baada ya kusuka mikeka msimu mzima. Kwa chuma hicho nilianza kutengeneza redio barazani kwake. Kutoka redio nikaenda runinga, kutoka runinga nikaenda sola. Huyo ndiye mtu niliyemtupa. Sikumtupa utotoni kwa kutojua. Nimemtupa juzi juzi tu, nikiwa na mvi na wajukuu!

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila kazi hakuna mkasa.

Miaka hii pampu za sola zimeingia sana kwetu. Wakulima wa Kidodi wanazo, wafugaji wa tambarare wanazo, wenye bustani za mboga wanazo. Pampu inakaa chini kisimani, na juu inakaa boksi la kuiongoza. Ndani ya boksi kuna ubao, na kwenye ubao kuna chipu ndogo kama punje ya mchele. Chipu hiyo ndiyo imehifadhi habari za boksi lenyewe: namba yake, aina yake, mota yake ina nguvu kiasi gani, ivute umeme mpaka wapi isiungue. Boksi likiwashwa, kitu cha kwanza linajisoma. Linajiuliza, mimi ni nani? Likipata jibu, linafanya kazi. Lisipopata, linawasha taa nyekundu na kukaa kimya.

Kwetu radi ni nyingi. Na mijusi inapenda kuingia ndani ya maboksi ikitafuta joto, inakanyaga pasipokanyagwa. Basi maboksi yanapoteza kumbukumbu. Boksi ni zima, mota ni nzima, lakini halijui jina lake.

Mafundi wengine walikuwa wanawaambia wateja boksi limekufa, nunua jipya. Mimi nilikataa kushindwa na punje ya mchele.

Shemeji yangu Hamadi, mdogo wa kiume wa mke wangu, amesomea mambo hayo na ameajiriwa mbali na huku. Alipokuja likizo alinifundisha. Aliniachia kompyuta yake ya zamani na kibanio kidogo kinachong'ata miguu ya chipu. Kitufe cha kushoto ni kusoma, cha kulia ni kuandika. Unasoma habari kutoka boksi zima, unaziandika kwenye boksi lililosahau. Boksi linazinduka!

Ila alinipa sharti moja. Aliniambia kabla sijaandika, nifute namba ya boksi nililosoma na niweke namba ya boksi lenyewe ninalolitengeneza. Namba ipo kwenye stika ubavuni. Habari nyingine zinafanana kwa maboksi ya aina moja, hizo naweza kunakili zote. Namba hapana. Kila boksi na namba yake.

Namba yenyewe ilikuwa na herufi na tarakimu kumi na sita, zimechanganywa. Herufi ndogo ndogo kama chawa.

Mimi nasoma kwa kidole. Hapo nakiri kitu ambacho hata wanangu hawakukijua. Jina langu naandika, bei nasoma, barua ya kawaida nitaimaliza nikipewa muda. Lakini kukopi herufi kumi na sita zisizo na maana, mteja amesimama mbele yangu... Jasho lilikuwa linanitoka.

Boksi la kwanza lilikuwa la mfugaji mmoja, Mzee Saibulu, wa tambarare, rika langu kabisa. Niliingiza namba yake herufi moja moja, nikaandika, nikawasha. Taa nyekundu. Nikarudia. Nyekundu. Nilikuwa nakosea mahali na sioni wapi. Saibulu alikaa kwenye kigoda changu, fimbo magotini, akinitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Fundi," akaniambia, "mimi sijakanyaga shule hata siku moja. Lakini ng'ombe wangu wote najua alama zao. Wewe boksi moja tu linakutoa jasho?"

Wateja wengine wawili wakacheka. Hakuwa na ubaya, ndiyo mazungumzo yake. Lakini mimi kicheko kile kiliingia kikakaa.

Nikamwambia aende akanywe supu arudi. Alipotoka, nikabonyeza kuandika habari zote kama zilivyo, pamoja na namba ya boksi nililosomea. Taa ya kijani! Hapo hapo!

Saibulu aliporudi alikuta pampu inaunguruma ndani ya pipa la maji. Alinisifia mpaka kwenye mnada wa ng'ombe. Na mimi tangu siku hiyo sikuhangaika tena na herufi za mtu.

Je, mnajiuliza habari zile nilizosoma zilikuwa za boksi la nani?

Zilikuwa za dada yangu.

Dada Mwanahawa, baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wajane tisa. Mradi mmoja uliwachimbia kisima kirefu, ukawafungia pampu, na serikali ya kijiji ikawapa eneo kando ya kisima walime vitunguu. Karatasi ya pampu ilikuwa kwa jina lake, kaweka dole gumba. Masharti yalisomwa hadharani: pampu ni ya kikundi, haihamishwi, haiuzwi, na ikitumiwa vibaya mradi unaichukua na eneo linarudi kijijini. Kwa kuwa ilikuwa ya mradi, ikiharibika kifaa kinaletwa bure. Ndani ya boksi kulikuwa na laini, kama ya simu, inayopeleka habari mpaka ofisi yao ili wajue pampu inafanya kazi wapi na kwa muda gani.

Nilikwenda kumtembelea nikiwa na kompyuta. Nilitaka kusoma boksi zima, na boksi zima nililolijua lilikuwa lile. Sikumwambia nimefuata nini. Nilimwambia nalikagua tu.

Alinishikia kitenge juu ya kichwa ili nione kioo, jua lilikuwa kali. Akaniuliza, "Umesema unalisoma. Linasemaje?"

"Linasema jina lake."

"Linaitwa nani?"

Nikamtania. "Linaitwa Mwanahawa."

Msomaji, alicheka kwa furaha kama msichana! Akawaita wenzake kutoka matutani, akawaambia njooni msikie, mashine inanijua kwa jina. Kisha akanipikia ugali na mlenda, na kunifungia mahindi mabichi ya kwenda nayo Mikumi.

Nilirudi na namba yake kwenye kompyuta, na mahindi yake kwenye mfuko.

Baada ya boksi la Saibulu yakaja mengine. La Kidodi, la Kilangali, la bwana mmoja mwenye nyanya huku huku Mikumi. Yalikuwa maboksi ya dukani, lakini ya aina ile ile, nayo yana laini ndani. Yote niliyazindua kwa namba moja. Yakafika kumi na moja. Jina langu likavuma, nikaambiwa Fundi Mwishehe anafufua. Watu walipita karakana tatu za vijana wenye vyeti ukutani wakaja kwangu mimi wa darasa la tatu. Mnadhani nilijisikiaje?

Hamadi alinipigia siku moja kunisalimu, akaniuliza kama nazingatia habari ya namba. Nikamwambia mashine zinafanya kazi, yeye anataka nini tena. Akasema, "Shemeji, maboksi yale yanaongea na ofisi. Mawili yakisema jina moja, ofisi itauliza."

Nikamwambia asinifundishe kazi, nilianza kushika nyaya yeye hajazaliwa. Nikakata simu. Kwa hiyo msije mkasema sikujua. Nilijua!

Kiangazi kikaingia. Vitunguu vya kina dada vilikuwa vimeanza kuweka vichwa, wakati ambao vikikosa maji hata wiki moja vinabaki kama vidole.

Asubuhi moja simu yangu haikupumzika. Bwana wa Kidodi anasema pampu imezima. Wa Kilangali, imezima. Saibulu, imezima na ng'ombe wamezunguka birika wanalia. Mpaka saa nne walikuwa kumi na mmoja. Radi gani inapiga Kidodi na Kilangali siku moja, tena kiangazi?

Simu ya kumi na mbili ilikuwa ya dada.

"Mdogo wangu, ile mashine imewasha taa nyekundu. Hebu njoo uisome tena."

Hapo nikaelewa kila kitu. Ofisi ilikuwa imeona namba moja inavuta maji sehemu kumi na mbili kwa wakati mmoja, ikaifunga namba hiyo. Kila aliyeibeba amezimika.

Nilipaswa kufanya nini? Hata mtoto anajua. Nilipaswa kupanda gari siku ile ile mpaka Kilosa, niwaambie ni mimi. Badala yake nilijifungia karakana nikajipangia akili. Nikajiambia, nikiiondoa namba ya dada kwenye maboksi yale kumi na moja, itabaki kwake peke yake, ofisi itaona mambo yametulia na itamfungulia. Hakuna atakayejua. Jina langu litasalimika, na lake pia.

Nilinunua lenzi ya kukuzia. Nikayakusanya maboksi, mengine niliyafuata mwenyewe kwa bodaboda. Nikakaa na kila stika, herufi moja baada ya nyingine, nikiandika kwenye daftari kwanza, nikihakikisha mara tatu, ndipo naingiza kwenye kompyuta. Stika iliyofifia kwa jua nilimwomba mwenyewe karatasi ya dukani. Boksi moja lilinichukua asubuhi nzima. Lakini lilikubali! Yote kumi na moja yalikubali, kila moja kwa namba yake halali.

Kumbe nilikuwa naweza. Jambo hilo linaniuma kuliko yote. Ningeomba tu watu waniache nihangaike, wacheke wanavyotaka, ningeweza tangu siku ya kwanza!

Nilipomaliza boksi la mwisho nilishikwa na hofu nyingine, nikafuta habari za boksi la dada kutoka kwenye kompyuta. Kwa mkono wangu. Sikubakiza kitu.

Wakati huo wote dada alikuwa akinipigia. Nilimwambia ninashughulikia. Yeye na wenzake walikuwa wanachota maji mtoni kwa ndoo kunyweshea vitunguu, wajane wenye magoti mabovu, kutoka alfajiri.

Kisha mradi ukaleta mtu wao. Alikuwa binti mmoja mtaalamu, Injinia Neema, mpole, mwenye adabu, kaamkia kila mzee aliyemkuta. Kikaitishwa kikao ofisi ya kijiji. Nikapelekewa taarifa nihudhurie, kwa kuwa mimi ni ndugu na tena ni fundi, labda nitasaidia kufafanua.

Nilikaa benchi la mbele.

Injinia alieleza kwamba namba ya pampu ya kikundi ilionekana imetumika sehemu kumi na moja nyingine, mpaka Kidodi na Mikumi. Alisema namba ya mradi ina thamani, maana mwenye nayo anadai vifaa bure. Halafu akasema jambo lililonimaliza. Alisema ndani ya wiki mbili baada ya wao kuifunga, namba ile imepotea sehemu zote kumi na moja. Maboksi ya dukani hayamo kwenye orodha yao, kwa hiyo hawajui yalikuwa ya nani. Lakini wanachojua ni kwamba mtu ameonywa, na ameenda kufuta ushahidi.

Je, mmeona? Kile nilichokifanya kumwokoa ndicho kilichomfunga!

Watu wakamgeukia dada yangu. Katibu wa kikundi, mwanamke aliyekula naye sahani moja miaka yote, akamwuliza kama ameiuza namba. Dada hakuelewa hata swali. Aliuliza namba inauzwaje, inafungwa kwenye nini? Wengine wakaguna. Wakaona anajifanya mjinga.

Injinia akanigeukia mimi. Kwa heshima kabisa. "Shikamoo baba. Wewe ni mtaalamu. Namba ya boksi inaweza kutoka yenyewe ikaenda kwenye boksi lingine?"

Nikasimama, nikakohoa. Nilimwona dada ananitazama, uso umefunguka, anangoja. Nyuma yake walisimama wateja wangu wawili wa Kilangali. Mlangoni alikuwepo kijana mwenye karakana jirani na yangu Mikumi, mwenye cheti.

Nikasema, "Hayo mambo ya namba ni ya kiwandani. Mimi ni fundi wa nyaya."

Hayo tu. Nikakaa.

Mradi ulichukua boksi na paneli wiki ile ile. Vitunguu vilikauka matutani, tukavitazama. Eneo likarudi kijijini, likapewa watu wengine. Kikundi kikavunjika, na wale wajane wanane mpaka leo wanaamini aliyewaponza ni mwenyekiti wao. Walimwita mwizi mbele ya wajukuu zake. Sokoni walikuwa hawapokei mboga yake.

Mimi nilivumilia mwezi mmoja na siku kadhaa. Sijui kama neno ni kuvumilia. Nilikuwa nakula, nalala, nasifiwa. Kisha nikasikia dada anahama, anakwenda kukaa kwa binti yake Berega, maana kijiji kile alikoolewa hakikaliki tena kwake. Hapo ndipo miguu ilipopata nguvu.

Nilikwenda Kilosa kwenye ofisi ya mradi. Nilibeba kompyuta, kibanio, daftari, kila kitu. Nikamkuta Injinia Neema na mkubwa wake. Nikawaeleza tangu mwanzo mpaka mwisho, habari ya herufi, habari ya kicheko, habari ya mahindi. Sikuacha kitu.

Walinisikiliza vizuri sana. Wakaniomba niwaonyeshe habari za boksi la dada kwenye kompyuta. Sikuwa nazo, nilishazifuta. Wakauliza maboksi yenyewe. Nikampigia Saibulu, akaja na boksi lake siku hiyo hiyo, Mungu ambariki, akasema ndiyo, huyu ndiye aliyelitengeneza. Injinia akaibana chipu yake, akasoma. Namba yake halali ya dukani. Ukiandika juu ya chipu ile, cha zamani hakipo tena, kama ubao wa shule uliofutwa.

Wateja wengine walikataa kuja. Waliogopa kunyang'anywa. Nikampigia Hamadi aje aseme alinionya. Akaniambia, "Shemeji, nikisema mimi ndiye niliyekufundisha, kazi sina. Nina watoto." Ningemlaumu kwa lipi? Nilimkatia simu aliponihitaji nimsikilize.

Na daftari? Lilikuwa na namba kumi na moja za halali, kwa mwandiko wa mtu mwangalifu.

Yule mkubwa akainuka, akanishika bega. Akasema, "Mzee wangu, tunakuelewa. Ni dada yako, amekulea. Yeyote angefanya hivi. Lakini huwezi kubeba kosa lisilo lako."

Nikamwambia ni langu! Nikapiga meza. Akatabasamu kwa huruma. Akamwambia Injinia aniitie usafiri.

Injinia peke yake alinitazama kwa namna nyingine. Aliponisindikiza mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, siku ya kikao kwa nini hukusema? Siku ile wateja wako wawili walikuwepo, ningewauliza pale pale."

Nikaingia kwenye gari waliloniitia.

Kutoka pale nikaenda kwa dada. Alikuwa anafunga vyombo kwenye kiroba. Nikamweleza nimesimama, sikuthubutu kukaa. Nilipomaliza, aliacha kiroba akaniuliza:

"Siku ya kikao ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, dada."

"Ulipokohoa," akasema, "nilimwambia moyo wangu, haya sasa, mdogo wangu ananisemea."

Akaendelea kufunga vyombo vyake. Hakunitukana. Hakulia. Ningeshukuru kama angenipiga hata na mwiko.

Habari zikaenea kwamba Fundi Mwishehe alijitoa mhanga ofisini kwa ajili ya dada yake. Mnasikia? Wananisifu! Msikitini wananipisha nafasi ya mbele. Wazee wananitaja kwa vijana wao kama mfano wa ndugu. Kila ninapowaambia ni kweli, nilifanya mimi, wanatikisa vichwa na kusema, tazama huyu mzee, mpaka leo bado anamfichia. Kadiri ninavyokiri ndivyo dada anavyozidi kuwa mwizi.

Nakwenda Berega kila nikipata nafasi. Ananipokea, ananitandikia mkeka, ananiwekea maji ya kunawa na chakula. Lakini nikimwambia shikamoo dada, haitikii. Anauliza tu kama njiani kulikuwa na vumbi. Kwetu mkubwa asiyekuitikia marahaba amekwambia kila kitu. Huwezi hata kumwuliza kwa nini. Unakula, unaosha mkono, unaondoka.

Nyinyi mnaosoma haya, hasa mafundi wenzangu mliojifunza kwa macho na mikono kama mimi, nawaomba jambo. Kama herufi zinakushinda, sema zimekushinda. Mpe mteja mwenyewe akusomee namba yake kwa sauti. Mwambie arudi kesho. Acha acheke, atacheka dakika mbili atachoka. Na mashine ya mtu ipe jina lake yenyewe, hata ikikuchukua asubuhi nzima. Mimi niliogopa kuchekwa kwenye kigoda changu, nikamwacha aliyenilea achekwe na kijiji kizima.

Na ukishakosea, usikimbilie kulifuta. Libebe likiwa bado lina alama zake, ulipeleke panapohusika. Mimi nilisafisha kwanza ndipo nikakiri, na sasa hakuna anayeniamini.

Nimemwomba mhariri aandike jina langu waziwazi. Kama kuna mtu wa bonde lile la Kilosa, au mmoja wa wale wajane wanane, au mtu wa ofisi ile, gazeti hili likamfikia, nakuomba uamini hata wewe mmoja tu. Halafu nenda Berega ukamwambie. Mwanahawa hakuuza kitu. Hata namba yenyewe hakuwahi kuiona, maana yeye hajui kusoma kabisa, na hajawahi kumficha mtu jambo hilo.

Ni mimi, Mwishehe, fundi wa Mikumi.